Kabla Hujahamishia Mfumo wa Biashara Yako Kwenye Wingu: Namna ya Kupiga Hesabu

Muuzaji wa huduma za wingu, yaani seva na hifadhi unazokodi kupitia intaneti, atakutajia bei ya seva kwa saa. Bei hiyo ni ya kweli, ila siyo bili utakayolipa mwisho wa mwezi. Kati ya hizo mbili kuna diski, anwani ya intaneti, data inayotoka, bekapu, kodi na dola, na biashara nyingi za kwetu huvigundua vitu hivi vikiwa vimeshakatwa kwenye kadi.

Mwongozo huu ni wa mwenye biashara ndogo au ya kati, mhasibu wake na mtu wake wa TEHAMA. Nasisitiza hao watatu wakae meza moja, maana kazi hii ikiachiwa fundi peke yake utapata mfumo mzuri wenye bili ya ajabu, na ikiachiwa mhasibu peke yake utapata bili nzuri ya mfumo unaolala kila tarehe 30. Mfano nitakaoubeba hadi mwisho ni wa SACCOS ya kufikirika yenye matawi matatu Tanzania, mfumo mmoja wa akaunti za wanachama, na tovuti ya kuangalia salio.

Hatua ya 1: Pima mzigo kabla ya kuuliza bei

Washa kipimo kwenye seva uliyonayo sasa na ukiache kifanye kazi mwezi mzima, usiishie wiki moja. Kwenye Linux programu ya sar inatosha, na kwenye Windows tumia Performance Monitor. Mwezi mzima, kwa sababu SACCOS huamka mishahara inapoingia. Ukipima katikati ya mwezi utajidanganya.

Unatafuta namba tatu. Ya kwanza ni prosesa na memori zinatumika kiasi gani kwa wastani, na kiasi gani saa ya msongamano. Ya pili ni ukubwa wa data na kasi inavyokua. Ya tatu, ambayo karibu kila mtu huisahau, ni gigabaiti ngapi zinatoka kwenye seva kwenda kwa watumiaji kila mwezi.

Tofauti kati ya wastani na kilele ndiyo moyo wa uchumi wote wa wingu. Amazon ilipofungua huduma ya kuhifadhi data Machi 2006 na ya kukodisha seva Agosti mwaka huohuo, kwa senti 10 za dola kwa saa, kitu kipya kilichouzwa kilikuwa uwezo wa kuchukua mashine nyingi kwa saa chache kisha kuzirudisha. Fikiria tovuti ya matokeo ya mitihani siku NECTA wanapotangaza: nchi nzima inaingia kwa mpigo, halafu baada ya siku chache kimya. Kununua seva za kubeba siku hiyo moja kisha zikae bure mwaka mzima ni kutupa pesa. Mzigo wa namna hiyo ndio unaofaa wingu kuliko wote.

Mzigo ulionyooka ni habari nyingine. Kampuni ya Marekani ya 37signals, wanaotengeneza Basecamp na HEY, ililipa dola milioni 3.2 za wingu mwaka 2022. Watumiaji wao hawapandi na kushuka sana. Wakaamua kununua seva zao za Dell kwa takriban dola 700,000, wakaziweka kwenye kituo cha data wanakokodi nafasi, na mwaka 2024 wakatangaza kwamba bili ya wingu imeshuka hadi dola milioni 1.3. Dropbox nao walihamisha sehemu kubwa ya hifadhi yao kutoka Amazon, na nyaraka walizowasilisha kabla ya kuuza hisa mwaka 2018 zinaonyesha waliokoa karibu dola milioni 75 ndani ya miaka miwili. Hao ni wakubwa wenye mafundi wao, na SACCOS yetu haifanani nao kwa ukubwa, lakini kanuni ni ileile: mashine inayofanya kazi saa 24 kwa kiwango kilekile mara nyingi ni nafuu kuinunua kuliko kuikodi.

Hatua ya 2: Andika gharama ya kweli ya seva ya ofisini

Watu hulinganisha bili ya wingu na sifuri kwa kuwa seva ilishanunuliwa. Isambaze. Seva ya dola 4,000, kwa dola moja kuwa shilingi 2,500, ni shilingi milioni 10. Ukiitumia miaka mitano ni takriban 166,700 kwa mwezi. Ikila wati 300 mfululizo, kwa saa 730 za mwezi inatumia uniti 219. Kwa takriban shilingi 350 kila uniti hiyo ni 76,650. Kiyoyozi cha chumba chake kiongezee nusu ya hapo, yaani 38,000 hivi.

Tayari una kama shilingi 281,000 kwa mwezi, na bado hujagusa betri za UPS zinazochoka kila baada ya miaka michache, dizeli ya jenereta, na muda wa fundi. Ongeza pia jambo lisilo na risiti: umeme ukikatika Jumamosi mchana na mlinzi hajui kuwasha jenereta, matawi yote matatu yanasimama. Kadiria saa ngapi mfumo ulisimama mwaka uliopita, na kila saa iligharimu nini. Kisio la uaminifu linatosha.

Hatua ya 3: Jenga bili nzima

Fungua kikokotoo cha bei cha mtoa huduma (AWS ya Amazon, Azure ya Microsoft na Google Cloud wote wanacho, bure) na ujaze kila mstari. Kwa SACCOS yetu nachukua seva ya AWS aina ya t3.large, yenye prosesa mbili na memori ya GB 8, kwa bei ya orodha ya Linux katika kanda (eneo lenye vituo vya data vya mtoa huduma) ya Virginia, Marekani:

- Seva: dola 0.0832 kwa saa × saa 730 = dola 60.74
- Diski ya GB 200, dola 0.08 kwa kila GB = dola 16
- Bekapu za diski, tuseme GB 200 kwa dola 0.05 = dola 10
- Anwani moja ya IPv4 (anwani ya seva kwenye intaneti), dola 0.005 kwa saa = dola 3.65
- Data inayotoka, GB 500: GB 100 za kwanza bure, 400 zilizobaki kwa dola 0.09 = dola 36

Jumla ni dola 126.39. Ukiweka VAT ya 18% inafika dola 149.14, sawa na takriban shilingi 372,850.

Angalia ilikotoka. Muuzaji alisema dola 60. Hajadanganya. Lakini bili imezidi mara mbili, na seva yenyewe haina hata nusu yake.

Mstari wa anwani ya IPv4 haukuwapo zamani. AWS walianza kuutoza Februari 1, 2024. Ni nusu senti ya dola kwa saa, ila mtu mwenye seva kumi ndogo huuona. Mstari wa data inayotoka ndio wa kuogopa zaidi. Kuingiza data kwenye wingu ni bure, kuitoa unalipia. Tovuti yenye picha nzito au video za mafunzo inaweza kukufanya ulipie data zaidi kuliko seva. Kabla ya kukubali hilo, punguza uzito wa picha, kisha weka mbele ya tovuti mtandao wa kusambaza nakala kama Cloudflare, wenye vituo hata Nairobi na Mombasa. Nakala zinatolewa karibu na mtumiaji na seva yako inapumzika.

Mitego miwili ya kitaalamu, mwulize fundi wako kuhusu yote miwili. Kwanza ni kile kinachoitwa NAT gateway, kinachoziwezesha seva zilizofichwa kufikia intaneti: kwa Virginia ni dola 0.045 kwa saa pamoja na dola 0.045 kwa kila GB inayopita. Kimekaa tu bila kazi, kinakula karibu dola 33 kwa mwezi. Mifano mingi ya usanifu inayosambazwa mtandaoni inakiweka moja kwa moja, na SACCOS yenye seva moja mara nyingi haikihitaji. Pili ni kumbukumbu za mfumo, yaani logi. Ukiacha programu iandike kila kitu, utalipia kuzipokea na kuzitunza, na hakuna anayezisoma.

Sasa rudi kwenye hatua ya pili na uweke namba pembeni: 281,000 za ofisini pamoja na betri, dizeli na fundi, dhidi ya 372,850 za wingu. Kwa bei pekee, seva moja ya mzigo ulionyooka haishindi ikihamia wingu. Inachopata SACCOS ni kutolazimika kutoa milioni 10 kwa mkupuo, kutotegemea umeme wa jengo lake, na data kutokuwa kwenye chumba kinachoweza kuvunjwa au kuungua. Kama hivyo vina thamani kwako, lipa ukijua unalipia nini. Anayekwambia hamia wingu ili upunguze gharama, mwombe akuonyeshe hesabu kama hii, mstari kwa mstari.

Usiwasahau wanaouza seva kwa bei moja ya mwezi, kama DigitalOcean na Hetzner. Wao hujumuisha kiasi kikubwa cha data inayotoka ndani ya bei, kwa hiyo bili haikushtui. Huduma zao za ziada ni chache kuliko za wale watatu wakubwa, lakini mfumo wa kawaida wenye hifadhidata moja hauzihitaji. Kwa maoni yangu biashara nyingi ndogo zingeanzia huko, ama kwenye kituo cha data cha nchini kinachotoza kwa shilingi.

Hatua ya 4: Iweke dola kwenye hesabu

Mwaka 2022 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300 za Tanzania. Septemba na Oktoba 2024 ilizunguka 2,700. Bili yetu ya dola 149.14 ingekuwa 343,000 kwa bei ya kwanza na 402,700 kwa ya pili. Hakuna mwanachama aliyeongezeka, hakuna seva iliyoongezeka, na bado umelipa karibu 60,000 zaidi kila mwezi. Kenya waliona upande wa pili pia: shilingi yao ilifika karibu 160 kwa dola Januari 2024, kisha ikarudi hadi karibu 130 katika mwaka huohuo.

Mapato yako ni ya shilingi na gharama hii ni ya dola. Kwa hiyo panga bajeti kwa kiwango kibaya kuliko cha leo, asilimia 15 hivi juu yake. Uliza kama yupo wakala wa ndani anayeuza huduma hiyohiyo kwa ankara ya shilingi. Atakuongezea kidogo, lakini mhasibu atapata risiti inayokubalika na mamlaka ya kodi na hutahangaika na kikomo cha kadi. Na hicho kikomo cha kadi ni tatizo halisi: malipo yakikataliwa mara kadhaa, akaunti inaweza kusimamishwa. Sajili kadi ya pili kama akiba.

Hatua ya 5: Chagua kanda

Bei ya Virginia inavutia, lakini data husafiri. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za waya huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Mfumo wa karani unaouliza hifadhidata mara hamsini kufungua ukurasa mmoja utaonekana mzito vibaya kama programu iko tawini na hifadhidata iko ng'ambo. Kanuni ni kuviweka vyote viwili sehemu moja, halafu tawini ibaki kivinjari tu.

Barani kwetu Microsoft walifungua kanda Johannesburg mwaka 2019, AWS wakafungua Cape Town mwaka 2020, Google wakaja Johannesburg mwaka 2024. Ukaribu huo una bei yake. Data inayotoka Cape Town kwa AWS ni dola 0.154 kwa GB badala ya 0.09, kwa hiyo zile GB 400 zinakuwa dola 61.60 badala ya 36.

Kisha kuna mikongo, yaani nyaya za intaneti zinazopita baharini. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani. Mwaka huohuo mikongo mingine ilikuwa imeshakatika Bahari ya Shamu. Siku kama hiyo seva yako iliyoko Cape Town au Ireland inafanya kazi vizuri kabisa, ila karani wa tawi la Morogoro haioni. Kwa mfumo unaoshika pesa za watu, weka laini mbili za intaneti kutoka kampuni mbili, na uulize kila moja trafiki yake ya kimataifa inapita mkongo upi. Wakipita wote mkongo mmoja, umelipia laini mbili kupata moja. Pia andaa namna ya tawi kupokea fedha kwa saa kadhaa bila mtandao, hata kama ni daftari lenye namba za risiti zilizochapwa tayari.

Sheria nayo ina neno katika kuchagua kanda. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na imeweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Kenya na Uganda zina sheria zao za 2019. Rwanda, kwa sheria ya 2021, inataka taarifa binafsi zihifadhiwe nchini isipokuwa anayezishikilia ameruhusiwa na mamlaka kuziweka nje. Taarifa za wanachama wa SACCOS ni taarifa binafsi. Pata ushauri wa mwanasheria kabla hujahamisha, na ikiwa sekta yako ina msimamizi, kama benki kuu, muulize kwa maandishi.

Hatua ya 6: Akaunti iwe ya kampuni

Hii ni fupi lakini ifanye leo. Akaunti kuu isifunguliwe kwa barua pepe binafsi ya kijana aliyeweka mfumo. Akiondoka, au mkigombana, yeye ndiye mwenye mali. Tumia barua pepe ya kampuni inayosomwa na zaidi ya mtu mmoja, washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha kila fundi apewe akaunti yake ndogo yenye ruhusa za kazi yake tu. Funguo za siri za programu zisiwekwe kwenye msimbo unaopakiwa GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo. Kuna roboti zinazozitafuta saa zote, na anayezipata huwasha mashine kubwa kubwa za kuchimba sarafu za kidijitali kwa jina lako.

Hatua ya 7: Weka breki za matumizi

Siku ya kwanza kabisa weka bajeti na tahadhari: upate barua pepe matumizi yakifika nusu, robo tatu, na kiwango kamili. Fahamu kwamba kwa kawaida tahadhari haizimi kitu, inakuarifu tu. Lazima awepo mtu wa kuisoma.

Kila kitu kinachowashwa kipewe lebo ya mwenye nacho na kazi yake. Kila Ijumaa fundi apitie visivyo na lebo. Atakuta diski za seva zilizofutwa zamani, snapshoti (nakala za diski) za mwaka juzi, anwani zisizotumika. Kuzima seva kunasimamisha malipo ya seva. Diski yake inaendelea kulipiwa hadi uifute.

Seva ya majaribio haina sababu ya kuwaka usiku. Iwake saa 12 kwa siku tano, na kwa wiki ni saa 60 kati ya 168. Gharama ya mashine hiyo inashuka kwa karibu asilimia 64, kwa ratiba ambayo fundi anaiandika mchana mmoja.

Punguzo la kujifunga mwaka mmoja au mitatu ni kubwa, AWS wanasema hadi 72%, lakini usilisaini kabla ya kuona matumizi yako kwa miezi kadhaa. Ukijifunga kwa mashine kubwa kuliko unayohitaji, umenunua hasara kwa punguzo. Kwa kazi zinazoweza kukatwa katikati na kurudiwa, kama kutengeneza ripoti nzito za usiku, kuna mashine za ziada zinazouzwa hadi 90% chini ya bei. Mtoa huduma akizihitaji anazichukua, na AWS hutoa notisi ya dakika mbili. Hifadhidata ya wanachama isikae humo kamwe.

Hatua ya 8: Bekapu kwa mtoa huduma mwingine

Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo la kituo cha data cha OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja ambao bekapu zao zilikuwa hapohapo walipoteza vyote. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa Australia, UniSuper, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulijikuta huduma zake kwenye Google Cloud zimefutwa kwa sababu ya usanidi uliokosewa upande wa mtoa huduma. Miongoni mwa vilivyowasaidia kurudi ni nakala walizokuwa nazo kwa mtoa huduma mwingine.

SACCOS yetu haihitaji mengi: nakala ya hifadhidata kila usiku, ikiwa imefungwa kwa usimbaji fiche, ipelekwe kwa kampuni nyingine kabisa, na moja ya kila wiki ibaki kwenye diski ofisini. Kisha, kila robo mwaka, fundi airejeshe nakala hiyo kwenye mashine tupu huku mhasibu akitazama, wahakikishe salio la mwanachama mmoja mmoja linalingana. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa usiihesabu kwenye ripoti ya bodi.

Hatua ya 9: Jua njia ya kutoka kabla ya kuingia

Hesabu gharama ya kuondoka. Ukiwa na GB 2,000 kwa bei ya dola 0.09, baada ya GB 100 za bure, kuzitoa ni dola 171. Hiyo inalipika. Mwaka 2024 Google, AWS na Microsoft walitangaza kuwaondolea ada ya data wateja wanaohama moja kwa moja, kwa masharti na kwa kuomba, na sheria mpya ya Umoja wa Ulaya inapiga marufuku ada za kuhama kuanzia Januari 12, 2027 kwa wateja wa huko.

Kinachokufunga zaidi ni programu iliyoandikwa kwa kutegemea hifadhidata au foleni ya ujumbe ambayo ipo kwa mtoa huduma mmoja tu. Kuhama hapo maana yake ni kuandika upya. Mwelekeze fundi achague vitu vinavyopatikana popote, kama hifadhidata ya PostgreSQL na Linux ya kawaida, isipokuwa awe na sababu anayoweza kuieleza mbele ya bodi. Na kwenye mkataba wa wakala yeyote wa ndani, liwepo sharti hili kwa maandishi: tukiachana, unanikabidhi akaunti, funguo na nakala kamili ya data ndani ya siku zilizotajwa, kwa bei iliyotajwa.